Nani Atabeba Uzee wa Betri?

Rafiki yangu anayeishi Tegeta alinunua Nissan Leaf ya mwaka 2013 kutoka Japani. Aliichagua mtandaoni, akalinganisha picha, akatuma fedha, akasubiri meli. Siku tulipokwenda kuitoa bandarini Dar es Salaam ilikuwa inang'aa: bodi halina mkwaruzo, viti havijachanika, kilomita chache. Tukaizunguka tukifanya yale ambayo kila mtu hufanya akipokea gari. Tuliinama kutazama kama kuna oili inayovuja, tukafungua na kufunga milango, tukapapasa matairi. Hatukuona kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye dashibodi, upande wa kulia, katika safu ya vistari vidogo ambavyo siku ile hakuna kati yetu aliyejua maana yake. Leaf mpya huonyesha vistari 12. Hii ilikuwa na 8.

Kistari cha kwanza hupotea betri inapopungukiwa asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6 hivi. Vistari 8 maana yake betri imebakiwa na kati ya asilimia 60 na 66 ya uwezo iliotoka nao kiwandani. Gari lililoundwa kubeba kilowati-saa 24, yaani uniti 24 kwa lugha ya Luku, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, sasa lilikuwa linabeba kama 15. Kwa kwenda Posta asubuhi na kurudi Tegeta jioni zinatosha. Kwenda Bagamoyo na kurudi ni safari ya kuzima kiyoyozi na kukodolea macho kipimo. Morogoro halifiki. Tangazo la muuzaji halikusema uongo kuhusu betri, kwa sababu halikusema neno lolote kuhusu betri.

Nimeanza na gari hili kwa sababu mjadala wa magari ya umeme hapa kwetu huanzia kwingine. Huanzia kwenye bei, vituo vya kuchaji na kukatika kwa umeme. Yote hayo ni kweli na nitayafikia. Lakini ukilifuata kila moja mpaka mwisho wake, unakuta mengi yanakutana mahali pamoja: gari letu hutufikia likiwa limeshatumika, na uzee wa gari la umeme ni uzee ambao hatujajua kuishi nao.

Uzee wa gari la petroli tunaujua kama tunavyojua uzee wa nyumba. Huja kwa vipande. Mwaka huu shokapu, mwakani bushi, mwaka wa tatu injini inaanza kula oili na fundi anasema ringi zimeisha. Kila kipande kina bei, kina duka lake Kariakoo au Gerezani, kina kipya, kina cha mtumba na kina cha bandia. Mwenye gari huubeba uzee huo kwa awamu, kadiri mfuko unavyoruhusu, na akishindwa kabisa analiegesha mpaka mwisho wa mwezi. Ndiyo maana Toyota ya miaka 20 bado inalisha familia.

Gari la umeme halina ringi, halina giaboksi ya gia tano, halina ekzosi ya kutoboka. Mota yake ina sehemu chache zinazosuguana na inaweza kudumu kuliko bodi lenyewe. Uzee wote umejikusanya mahali pamoja, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa chini ya sakafu, na hauna sauti wala moshi. Betri ya lithiamu huchoka kwa miaka inayopita hata gari likiwa limeegeshwa, huchoka kwa kuchajiwa na kutumiwa, na zaidi ya yote huchoka kwa joto. Leaf za mwanzo, zilizotoka mwishoni mwa 2010, betri zake hazina mfumo wa kupoozwa kwa maji kama magari mengi ya baadaye. Kufikia 2012 wenye magari hayo kwenye joto la Arizona, Marekani, walikuwa wanalalamika kwamba vistari vinapotea mapema mno. Sasa chukua gari hilohilo, liegeshe juani Kariakoo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mwezi wa Februari.

Kuna habari njema hapa na sitaki kuipunja. Betri za chuma na fosfati, ambazo Wachina wanazitia kwenye magari mengi siku hizi, huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko zile za Leaf ya zamani. Bei nayo imeporomoka: mwaka 2010 pakiti ya betri iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa, na kufikia 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Tatizo ni kwamba dola 115 ni bei ya kiwanda kinachonunua betri kwa maelfu. Mtu wa Tegeta anayetafuta betri moja ya gari la mwaka 2013 analipia pia mzigo wa hatari melini, ushuru, na fundi aliye peke yake katika kazi hiyo. Waranti ya kiwandani, kama ilikuwepo, kwa kawaida haivuki bahari pamoja na gari la mtumba.

Watu hupenda kutaja Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari 89 kati ya kila 100 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Mfano ni mzuri ila haututoshi. Mnorway ananunua gari jipya. Nchi yake ililiondolea gari la umeme kodi ya ongezeko la thamani tangu 2001 huku ikilibana la petroli kwa kodi nzito, na wengi wana mahali pao pa kuegesha penye umeme. Uzee wa betri atauachia mtu wa pili na wa tatu. Sisi ndio mtu wa tatu.

Tena hata hayo mabaki hayatufikii kirahisi. Magari ya Norway usukani wake uko kushoto. Sisi kuanzia Kenya hadi Zambia tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na tunataka usukani wa kulia. Ghala letu ni Japani, kwa kiasi fulani na Uingereza. Uingereza inanunua magari ya umeme kwa wingi, karibu gari moja kati ya matano mapya mwaka 2024. Lakini Japani, ambayo ndiyo inayotulisha hasa, haifikishi hata magari ya umeme 3 kati ya kila 100 mapya inayouza kwake. Yenyewe iliwekeza moyo wake kwenye haibridi. Kwa hiyo haibridi ndizo zinazojaa Dar na Nairobi: mnunuzi wetu huchagua kati ya vile ambavyo Mjapani wa miaka minane iliyopita aliviona vinafaa. Asiyelijua hili atadhani Watanzania na Wakenya wamekataa umeme, wakati rafu ya duka ndiyo tupu.

Kenya imejikinga kidogo bila kukusudia. Sheria yake ya kutoruhusu gari lililozidi miaka 8 inazuia pia betri iliyozidi miaka 8. Tanzania haizuii, inatoza ushuru wa uchakavu. Ushuru huo uliwekwa kwa kuangalia moshi wa injini kuukuu na ajali za magari mabovu. Kwa gari la umeme, umri peke yake hausemi mengi, kwa sababu betri ya miaka sita iliyochomwa na joto inaweza kuwa hoi kuliko ya miaka tisa iliyotunzwa.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo gari la umeme linapojitetea vizuri kuliko pengine popote. Mtu wa Toyota IST anayekwenda kilomita 50 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, anatembea kilomita 1,250. Kama gari linakwenda kilomita 14 kwa lita na petroli tukaihesabu shilingi 3,000, anachoma karibu shilingi 268,000. Gari la umeme la ukubwa huo litatumia kama uniti 200. Uniti moja ya matumizi ya kawaida, pamoja na kodi na makato yake, inakaribia shilingi 360, kwa hiyo analipa 72,000. Tofauti ni karibu shilingi 196,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, kabla hujagusa oili na filta asizonunua. Hiyo si akiba ya kudharauliwa katika nyumba yoyote. Lakini rafiki yangu alipoulizia bei ya betri nyingine, akiba ya miaka kadhaa ilikuwa imekwisha mdomoni.

Hesabu hiyo ina tobo jingine ambalo wengi hawalioni mpaka walitumbukie. Mteja mdogo wa umeme Tanzania, anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na makato. Ni nafuu iliyowekwa kwa ajili ya nyumba ya taa, redio na friji ndogo. Ukichaji gari kwa soketi ya kawaida, kilowati 3 kwa saa nane za usiku, umetumia uniti 24. Siku tatu ni uniti 72. Siku ya nne nyumba imevuka kikomo cha kundi la wadogo, na si gari pekee linalolipa bei kubwa. Taa na friji vinalipa pamoja nalo.

Hapo nimesema kana kwamba kila mtu ana Luku yake. Nyumba nyingi za kupanga Sinza, Manzese, Mbagala zina Luku moja na wapangaji watano au sita. Kila aliyewahi kuishi humo anajua ugomvi wa umeme unavyoanza: nani ana pasi, nani analaza redio ikiimba, friji ya chumba cha mwisho ni ya biashara au ya nyumbani. Watu huchanga elfu tano tano na kuhesabiana balbu. Katika uwanja huo, gari linalokunywa kwa usiku mmoja kile ambacho chumba kimoja hutumia kwa wiki nyingi haliwezi kuegeshwa kwa amani, hata mwenye gari akiahidi kulipa zaidi, kwa sababu hakuna mita ya kuonyesha zaidi ni ngapi. Mita ndogo ya kutenganisha si kifaa cha ghali. Ila anayepaswa kuiweka ni mwenye nyumba, naye haoni faida yake. Nairobi nako mpangaji wa ghorofa ya tano kule Umoja ana tokeni zake, sawa, lakini gari analiacha chini, na waya hauwezi kushuka ghorofa tano.

Mwenye nyumba yake mwenyewe ana kizuizi chake. Jioni ya kwanza Tegeta tulichomeka chaja ukutani, ikawaka taa nyekundu na kugoma. Tukabadilisha soketi, ikagoma tena. Tukaanza kumlaumu muuzaji. Fundi umeme alipokuja aligundua kwamba nyumba nzima haina waya wa ethi, ule unaokwenda kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Tundu la tatu la kila soketi lilikuwa pambo. Chaja hupima ethi kabla ya kupitisha umeme, kwa sababu mtu atakuwa anashika gari la chuma lililounganishwa na umeme, pengine akiwa pekupeku kwenye matope. Ilifanya kazi yake. "Kaka, hili gari limekuokoa," fundi akasema, akionyesha hita ya maji bafuni. Siku mbili zilipita kabla ethi haijawekwa na waya mwembamba wa soketi kubadilishwa. Soketi iliyozoea pasi ya nusu saa haikuundwa kubeba ampea kumi na ushee kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri. Huanza kupata moto, halafu plastiki inabadilika rangi.

Kuhusu umeme wa taifa, nadhani tunaogopa mahali pasipo penyewe. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, na Tanzania iliyokuwa kwenye mgao mwishoni mwa 2023 sasa ina uwezo wa kuzalisha ambao haikuwahi kuwa nao. Kenya ina mvuke wa ardhini wa Olkaria unaotoka usiku na mchana, na usiku wa manane wateja wake ni wachache. Ndiyo sababu mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya kuchajia magari, shilingi 16 za Kenya kwa uniti nyakati za matumizi makubwa na 8 nyakati za utulivu, kabla ya tozo nyingine. Uzalishaji upo. Udhaifu uko mtaani, kwenye transfoma. Transfoma ya kilovolti-ampea 100 inayohudumia mtaa mzima, ukiiongezea magari kumi yanayochajiwa kwa kilowati 7 saa moja usiku, wakati wa kupika na televisheni, umeitwisha mzigo wa kilowati 70 kwa mkupuo. Taa zitafifia, kisha mtaa utazimika. Na umeme ukikatika nchi nzima, kama Kenya ilivyopata Agosti 25, 2023, mwenye petroli bado ana tangi. Mwenye umeme ana kile alichochaji jana yake. Mzigo wa transfoma unatibika kwa saa inayowasha chaja saa sita usiku, mradi bei ya usiku impe mtu sababu ya kusubiri.

Halafu kuna Desemba.

Wataalamu husema, na ni kweli, kwamba mwendo wa kila siku wa mtu wa mjini hauzidi kilomita chache na betri yoyote inatosha. Lakini hapa gari halinunuliwi kwa ajili ya kila siku tu. Mchaga wa Dar ananunua gari akiwaza Moshi, kilomita 560 hivi, watoto nyuma, mchele na sukari kwenye buti, wiki ile ambayo nusu ya jiji inapanda Kaskazini. Mluhya wa Nairobi anawaza ushago, kijijini kwao, wakati huohuo. Safari moja kwa mwaka inaamua gari la miaka kumi, na haina ubatili wowote ndani yake: kufika kwenu na gari lako ni sehemu ya kuwa mtu. Gari jipya la kilowati-saa 60 linaweza kwenda kilomita 350 kwa mwendo wa barabara kuu, kwa hiyo Korogwe, karibu nusu ya njia, lisimame. Chaja ya haraka ya kilowati 50 itahitaji kama saa nzima kulijaza. Kama chaja ni moja na mbele yako kuna magari tisa, utaondoka Korogwe baada ya kukaa saa kumi nzima. Kituo cha petroli chenye pampu nne hukihudumia kijiji kizima cha magari katika muda huo. Kuweka chaja kumi Korogwe ni gharama ambayo mwekezaji hataiona ikirudi, kwa maana kuanzia Januari hadi Novemba zitalala.

Na ukifika kwenye chaja, plagi ikubali. Magari ya Japani yana plagi ya haraka iitwayo CHAdeMO. Ya Ulaya yana CCS2. Yaliyoundwa kwa soko la China yana GB/T. Adapta zipo, baadhi ni nzuri na baadhi ni hatari. Nchi inayopokea magari kutoka pande zote tatu bila kutaja inataka plagi gani inajijengea fujo ambayo itakuja kuing'oa kwa gharama. Hili ni jambo la karatasi na mhuri, halihitaji mkopo wa benki yoyote ya dunia, na linauma kuona linavyosubiri.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la mvua: itakuwaje bonde la Jangwani likifurika? Pakiti ya betri imezibwa, na nyingi hupimwa kwa kuzamishwa maji ya mita moja kwa nusu saa. Dimbwi si adui mkubwa. Gari lililokaa mafurikoni siku nzima ni habari nyingine, hasa maji yakiwa ya chumvi, kama ambavyo ni habari nyingine kwa gari lolote.

Fundi ndiye anayestahili kuzungumzwa zaidi. Miezi michache baada ya kulipokea, Leaf ya rafiki yangu iligoma kuwaka asubuhi moja. Dashibodi giza, milango haifunguki kwa rimoti. Fundi wake wa siku zote alifungua boneti, akaona nyaya nene za rangi ya chungwa, akarudi nyuma hatua mbili. "Bosi, hii siigusi." Alifanya sahihi. Nyaya hizo hubeba volti karibu 400 za mkondo mnyoofu, na zinaua. Gari likaburutwa, wakaanza kuzungumza habari ya betri kubwa kufa, na mke wa rafiki yangu akasema maneno ambayo sitayaandika. Siku ya tatu kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya bajaji za umeme alikuja na kipimo, akaenda moja kwa moja kwenye betri ndogo ya volti 12, sawa na ile iliyoko kwenye gari lolote, akaipima, akacheka. Ilikuwa imekufa. Ndiyo inayoamsha kompyuta za gari, na bila yake betri kubwa iliyojaa haiwezi hata kuwasha taa. Alibadilisha kwa dakika kumi na gari likawaka.

Nchi haiwezi kuhamia kwenye magari ambayo vijana wanaojua kuyapima ni wa kuhesabika. Na tusisahau fundi aliyerudi nyuma. Gari lisilo na oili, plagi za injini wala klachi linamwondolea sehemu kubwa ya mkate wake. Hana sababu ya kulisifia kwa mteja, na mteja wa kwetu humwamini fundi wake kuliko tangazo lolote. Kumfundisha yeye, si mtoto wa chuo pekee, ni kumwondoa adui na kumpata mjumbe.

Sasa tazama ni nani waliokwisha kufaulu. Si wenye magari madogo. Ni bodaboda na mabasi. Kampuni ya Ampersand ilianza Kigali mwaka 2019: dereva ananunua pikipiki, betri si yake. Ikipungua anaingia kituoni, anatoa iliyochoka, anapewa iliyojaa, anaendelea kabla abiria hajachoka kusubiri. Tangu Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria. Nairobi mwaka 2022 kampuni ya BasiGo ilileta mabasi ya umeme kwa utaratibu wa jinsi hiyohiyo: mwenye matatu ananunua basi kwa bei iliyoondolewa betri, kisha analipa kwa kila kilomita, na malipo hayo yanabeba betri, kuchaji na matengenezo. Watu huvisifu vyombo hivi kwa teknolojia. Kilichovifanikisha, kwa mtazamo wangu, ni mkataba. Betri ikizeeka ni mzigo wa kampuni, ambayo ina betri mamia, inazipima kila siku na inajua ipi itakufa lini. Dereva anabaki na jambo analoliweza, yaani kutafuta hela ya leo.

Mkataba huo una bei yake pia. Betri za kampuni moja haziingii kwenye pikipiki ya nyingine. Dereva hawezi kutoka nje ya eneo lenye vituo vya kampuni yake, na vyombo vingi vinaweza kuzimwa kwa mbali deni likichelewa. Bodaboda wa petroli akikosa hela ya kutosha huweka ya elfu mbili na kwenda popote. Serikali zikilazimisha betri zifanane, mzigo utabaki kwa kampuni na mnyororo utamtoka dereva.

Kodi ni fundo jingine. Kenya hutoza shilingi 25 kwa kila lita kwa ajili ya matengenezo ya barabara tangu Julai 2024, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya mafuta. Anayechoma lita 100 kwa mwezi anachangia barabara shilingi 2,500. Mwenye gari la umeme anapita kwenye lami hiyohiyo bila kuchangia. Wakiwa wachache hakuna anayejali. Wakiwa wengi, hazina itakumbuka. Iceland na New Zealand zilianza kuwatoza kwa kilomita mwaka 2024. Rwanda tangu 2021 iliondoa ushuru wa magari ya umeme, spea na vifaa vya kuchajia, na Ethiopia ilikwenda mbali zaidi: Januari 2024 ilisimamisha kabisa uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, kwa kuwa mafuta yanakula dola zake na mito inaipa umeme. Tofauti yake na sisi ni kwamba Ethiopia huendesha kulia. Gari jipya la Kichina, na plagi yake, linaingia Addis Ababa kama lilivyo. Hata hivyo nje ya mji mkuu, chaja na mafundi wamebaki nyuma ya amri.

Kwa nchi za mtumba, ningeanza na cheti. Kama mkaguzi anapima breki na taa, apime na betri, aandike asilimia iliyobaki kwenye karatasi ya ukaguzi, na ushuru ufuate asilimia hiyo kuliko mwaka wa kutengenezwa. Si kazi ngumu. Kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na programu kama LeafSpy kwenye simu hutoa jibu kwa dakika chache. Cha pili ni kuufanya uzee huo uwe wa vipande kama tulivyozoea. Betri ya Leaf ya kilowati-saa 24 si jiwe moja. Ndani yake kuna moduli 48, na mara nyingi chache zilizochoka ndizo zinazozivuta nyingine chini. Anayejua anaweza kuifungua, kuzipima moja moja, kuzitoa mbovu na kuweka nzuri kutoka kwenye gari lililopata ajali, na zile zilizotolewa zikahifadhi umeme wa sola wa duka au zahanati. Hii ni kazi ya mafundi wa Gerezani kabisa. Inahitaji glavu za volti kubwa, mafunzo na ruhusa ya kisheria, ili mtu asiifanye kwa kujificha.

Mwaka huu rafiki yangu aliamua kuliuza. Mnunuzi alikuja na binamu yake, wakalizunguka, wakainama, wakagonga. Rafiki yangu akawazuia kidogo, akachomeka kifaa, akamwonyesha simu: 61. Akamweleza kila kitu, vistari, Posta, Bagamoyo, kwa sababu hakutaka mtu mwingine ayapate yale yaliyompata bandarini. Mnunuzi alisikiliza vizuri. IST anaijua, ukimtajia usajili wa namba D au namba E atakupa bei kabla hujamaliza sentensi, na mtu yeyote barabarani atakupa ileile. Aliitazama simu tena.

"Kaka, nimekuelewa," akasema. "Sasa 61 ni shilingi ngapi?"

Rafiki yangu alinitazama mimi. Nikamtazama binamu.